Shamba la Sebuleni Kwangu

Kazi yangu siku hizi ni kuangalia majani. Sisemi majani ya chai wala ya kulisha mbuzi. Nasema picha za majani ya maharagwe, mihogo na migomba, zilizopigwa kwa simu na watu nisiowajua katika mashamba ambayo sitayakanyaga. Picha inafunguka kwenye kompyuta, nachora kisanduku kuzunguka sehemu iliyoharibika, kisha nachagua kwenye orodha ya pembeni: ugonjwa fulani, wadudu, njaa ya udongo, hali ya hewa, au jani zima lisiloumwa. Nikimaliza moja, linakuja jingine. Jua likiwaka vizuri juu ya sola yetu naweza kupitisha majani mia mbili kabla sijainuka kwenda kubandika maharagwe ya kweli jikoni.

Mume wangu ni fundi cherehani, na ana maoni juu ya kila jambo hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi. Siku ya kwanza aliponiona nimeinamia kompyuta alisimama mlangoni na sindano mdomoni, akatazama kwa muda, kisha akaitoa sindano.

"Banakulipa juu ya kuangalia majani ya maharagi?" akauliza.

"Banatulipa."

"Sasa yetu iko na kosa gani? Angalia na yetu basi, mbuzi ya jirani iko inaikula."

Nilimwambia arudi kwenye cherehani yake. Lakini sikumlaumu. Hata kwenye bomba la maji wanawake waliniuliza mimi na wenzangu tunafanya nini tukijifungia ndani mchana kutwa, na nilipojibu kwamba tunalima, waliangaliana. Kazi isiyotoa jasho watu huiona kama uchawi. Nilijaribu kuwaeleza kama tulivyoelezwa sisi: majibu yetu yanafundisha programu, ili siku moja mkulima apige picha ya jani lake na simu imwambie linaumwa nini. Yaani sisi ni walimu wa mashine. Nililipenda sana neno hilo, mwalimu, na nilikuwa nalitumia sokoni mara nyingi kuliko ilivyofaa.

Hapa niseme ukweli mapema, maana nikichelewa nitauficha. Mimi si mkulima. Nilizaliwa Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, na mpaka siku tulipokimbia nilikuwa muuza ndagala, wale samaki wadogo ambao kwingine huitwa dagaa. Nakivale tulipewa kipande cha ardhi kama kila mtu, nikajifunza kulima kwa kuangalia migongo ya wenzangu. Ukinipa samaki nitakwambia amevuliwa lini na kama muuzaji amemlowesha ili aonekane mnene. Ukinipa jani, nitakupa maoni.

Basi kampuni moja ya Mbarara ilipokuja kijijini kwetu kutafuta watu sita wanaoyajua mazao, aliyesimama wa kwanza ni mimi. Nilikuwa na Kifaransa cha sekondari na Kiingereza cha kuulizia njia. Zaidi ya hayo nilikuwa na vitu viwili ambavyo wenzangu hawakuwa navyo, sola ya kutosha juu ya bati langu, na mlango wenye kufuli la kweli. Kompyuta sita haziwezi kulala kwenye nyumba ya turubai. Wakaziweka sebuleni kwangu, wakaniita kiongozi wa kikundi, nami sikukataa.

Wanne kati ya wenzangu walikuwa majirani, wote wa Kivu Kusini, wote walioshika jembe kabla ya kushika kalamu. Wa tano alikuwa Koko. Hivyo ndivyo watoto wetu wanavyomwita mama wa mama au wa baba, na huyu ameitwa hivyo mpaka sisi watu wazima tumesahau kumwita vingine. Alitoka milimani, juu ya Fizi. Jani la haragwe analitambua kwa kuligusa tu, amefumba macho. Lakini mgongo wake umekwisha. Kabla ya kazi hii alikuwa akienda Ngarama kufanya leja-leja, kile kibarua cha kulima mashamba ya wenyeji: analima siku moja, analala chini siku tatu akiungoja mgongo urudi mahali pake. Ana wajukuu wawili, na nyumbani mwake hakuna mtu mwingine wa kushika jembe.

Kazi ya majani ilipoanza, Koko alilichukua jembe lake akampa mke wa jirani aliyeolewa karibuni. Nilimwambia asiharakishe. Akanijibu kwamba hata kuliona tu pale ukutani kulikuwa kunamuuma mgongo.

Alijifunza kompyuta polepole, lakini alichojifunza hakikumtoka. Kitu kimoja tu hatukuweza kumwachisha. Kila jani lenye ugonjwa lilipofunguka mbele yake, aliliambia pole kwanza. "Pole, mama," anasema taratibu, ndipo anachora kisanduku. Majani mazima aliyapitisha kimya.

Sasa nieleze tulivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo tulipojikaanga kwa mafuta yetu wenyewe.

Kwetu mtu hajilimii peke yake ikiwa ana majirani. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule wa ng'ambo. Mwenye shamba anapika, wengine wanakuja na majembe na habari za mtaa. Hata wasiopatana hulimiana, maana magugu hayangoji watu wapatane. Desturi hiyo ilivuka mpaka pamoja nasi na hapa haikushangaza mtu, kwa kuwa Warundi wa hapa kambini nao wana ya kwao. Kwa hiyo kompyuta zilipowashwa sebuleni kwangu, hakuna aliyehitaji kupangiwa. Nilibandika chai, nikaweka vikombe sita, tukaanza kulima.

Mmoja alifungua picha, akakwama. "Mukuye muone hii," akasema. Tukainuka wote, tukamzunguka, tukajadili. Huyu akasema ni kutu ya maharagwe, yule akasema ni njaa ya udongo, mwingine akakumbuka shamba la shangazi yake. Tulipochoka kujadili tuliamua jambo moja, mwenye picha akabonyeza. Kisha tukahamia kwenye kompyuta ya pili.

Katika mafunzo yetu ya siku mbili tulikuwa tumeambiwa kila mtu afanye kazi yake mwenyewe. Nililisikia hilo kwa masikio yangu haya. Nilichoelewa ni kwamba kila mmoja akae mbele ya kompyuta yake na asimtume binti yake aje badala yake. Tulifuata. Lakini kumwona mwenzako amekwama kwenye jani nawe ukanyamaza, kwetu huo ni ukorofi tu. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuwa mtu wa kumnyima mwenzangu jibu.

Nasema jibu langu, kwa sababu mara nyingi neno la mwisho lilikuwa langu. Wakishasema yao waligeuka wakanitazama, nami nikatamka: "Wadudu." Niliwapenda sana wadudu. Jani lenye matundu, wadudu. Jani lililochanika, wadudu. Jani lililojikunja, wadudu wako upande wa chini, wamejificha. Wenzangu walisema, "Njo vile," wakabonyeza. Picha hiyohiyo ikimfikia mwingine siku iliyofuata, alikumbuka tulivyoamua, akabonyeza vilevile. Koko naye alibonyeza, baada ya kutoa pole zake. Kwa wiki sita hatukupishana hata mara moja, na mimi nilijua kwa hakika kwamba hakuna kikundi bora kuliko chetu nchini Uganda.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila picha ilitumwa kwa watu watatu makusudi. Mashine inataka kujua watu watatu wasiosemezana wanaona nini. Wakikubaliana, vizuri. Wakipishana, picha inapelekwa Mbarara kwa mtu wa juu aamue. Watu watatu wasiopishana kamwe, mashine inawaona ni mtu mmoja mwenye majina matatu.

Jumatatu moja tulifungua kompyuta, na zote sita zikatuonyesha maneno yaleyale kwa rangi nyekundu: akaunti imefungwa kwa sababu ya udanganyifu.

Nimeitwa mengi maishani. Muuza samaki haogopi matusi. Lakini neno hilo, mbele ya wanawake walioacha mashamba yao kwa sababu mimi niliwaambia waje, lilinichoma. Nilizunguka sebule nikiwasema watu wa Mbarara, mashine yao, mama wa mashine yao. Koko alifunika kompyuta yake taratibu kama anayefunika chakula, akanigeukia.

"Jembe yangu," akasema, "unazani yule mutoto nilimupatia ataweza kunirudishia?"

Hasira ilinitoka yote, nikabaki na hofu. Nilimwangalia alivyokaa, mkono mmoja nyuma akiukandamiza mgongo, nikaona Ngarama na siku tatu za kulala chini. Nilichukua simu nikapiga Mbarara, na sauti ya msichana ikaniambia tuje wote sita siku ya Alhamisi, na kompyuta zetu.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Ruharo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi za nyumba, karibu na hospitali ya misheni. Msimamizi wetu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, suruali nyeusi, nywele fupi. Baba yake ni mwanajeshi, naye alizaliwa na kukulia kwenye kambi ya jeshi hukohuko Mbarara. Kiswahili chake alikipata huko, kwa hiyo kilikuwa na amri ndani yake hata alipokuwa anakukaribisha kiti.

"Nyabo, kaa chini. Nyinyi wote kaa."

Nyabo ni mama kwa lugha ya huko, lakini sikukaa. Nilikuwa nimeitayarisha hotuba yangu tangu Jumatatu, nikaitoa yote bila kupumua. Kwamba sisi hatuko bezi. Kwamba tumekimbia vita, hatukukimbia kazi. Kwamba katika nyumba yangu hakuna mtu aliyebonyeza kitu kabla hatujakijadili mpaka mate yakakauka.

Aliningoja nimalize. Kisha akageuza kompyuta yake tuione.

"Mimi hapana sema nyinyi ni mwizi," akasema. "Mashine ndiyo nasema nyinyi ni mutu moja. Ona. Hii ni watu ya Ibanda. Nakosana, nakubaliana, nakosana. Iko bwana na bibi yake hapa, hata wao nakosana. Sasa ona nyinyi. Wiki sita, hapana kosana hata mara moja. Watu gani hii hapana kosana?"

"Tunasikilizana," nikamwambia kwa fahari.

Alijaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda, akacheka. "Mama, shida iko hapo."

Ndipo akatueleza habari ya watu watatu wasiosemezana. Alieleza vizuri, bila kutudharau, na nilivyozidi kuelewa nilizidi kutafuta mahali pa kukaa. Katika hotuba yangu yote nilikuwa nimeungama kosa lenyewe, tena kwa sauti kubwa. Wakubwa wake Kampala walitaka kikundi chetu kifutwe wiki hiyohiyo. Yeye alikuwa amewaomba nafasi moja. Kulikuwa na picha mia moja ambazo wataalamu wa kilimo walikwisha kuzijibu. Kila mmoja wetu azijibu peke yake, siku hiyo, mbali na wenzake. Atakayepita anarudi kazini. Atakayeanguka, ndiyo mwisho.

Ofisi hiyo haikuwa na vyumba sita, ilikuwa na kimoja na nusu. Lakini binti alifahamiana na sista mmoja, mwalimu mkuu wa shule huko Nyamitanga, na watoto walikuwa likizoni. Tukavuka mto Rwizi na kompyuta zetu mikononi, sista akatufungulia madarasa sita yaliyofuatana, na kila mwanamke akaingizwa kwenye lake. Binti akabaki barazani akipita mbele ya milango, mikono nyuma, na nina hakika mwendo ule aliurithi kwa baba yake.

Mimi nilipewa darasa la kwanza. Dawati lilikuwa la watoto wa miaka sita na magoti yangu yaligoma kuingia chini yake, nikakaa upande. Ukutani walikuwa wamechora ng'ombe, kuku na samaki. Samaki alikuwa na miguu.

Jani la kwanza lilikuwa na matundu. Nikabonyeza wadudu. La pili lilikuwa limechanika kandokando. Nikataka kuita mtu, na hapakuwa na mtu wa kumwita. Nililitazama. Nikaligeuza. Nikalikuza mpaka likajaa kioo kizima, na bado lilikuwa jani tu, haliniambii kitu. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulipenda. Kwa wiki sita, kila niliposema neno la mwisho, sikuwa nimeliangalia jani. Nilikuwa naangalia nyuso za wenzangu, kama nilivyofanya miaka yote sokoni. Uso wa mteja ukilegea, unajua umeuza. Ndani ya darasa la kwanza hapakuwa na uso wa kumuuzia, isipokuwa samaki mwenye miguu. Nikabonyeza wadudu. La tatu nikaona aibu, nikabonyeza njaa ya udongo, kisha nikarudi kwa wadudu wangu.

Tulipomaliza, sista alituletea chapati na mayai, tukala barazani. Wenzangu walikuwa wachangamfu ajabu. Walikuwa wanaulizana kuhusu picha fulani na kucheka, na nilisikia mmoja akisema, "Miye nilitia batobato," ule ugonjwa wa mihogo, na mwingine akimjibu, "Miye hapana, nilitia muzima." Walikuwa wanapishana. Sikuwahi kuwasikia hivyo. Niliikata chapati yangu vipande vidogo nikaviacha.

Binti alinikonyeza, tukasogea mpaka kwenye tangi la maji.

"Ile mama ine, wote napita," akasema. "Si sana, lakini napita."

"Na Koko? Yule wa mugongo?"

"Nyabo," akasema, akatikisa kichwa. "Ule mama nashinda mimi. Iko jani moja, wataalamu nasema wadudu, yeye nasema mvua ya mawe. Mimi napiga simu kwa mtaalamu. Yeye naangalia tena, nanyamaza, nasema, ule mama iko sawa."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilimshukuru kwa kweli, kwa sababu Koko ndiye niliyekuja kumpigania. Kisha nikauliza lile lililobaki. Binti alitazama viatu vyake.

"Wewe naanguka, mama. Wewe naona wadudu kila mahali."

Nilifungua bomba la tangi nikanawa mikono ambayo ilikuwa safi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na siku zote nilidhani walimsema mtu mwingine. Niliona aibu, halafu nikaona hasira juu ya aibu. Nilitamani kumwambia binti yule kwamba picha zake ni mbovu. Lakini hakuwa amesimama kama mtu aliyeshinda, alikuwa amesimama kama mtu mwenye habari mbaya asiyejua pa kuiweka. Akaniambia kwamba hataki kuniacha, maana mimi ndiye ninayeweka watu pamoja na mlango wangu una kufuli. Alikuwa ameshawaomba wakubwa wake. Koko atakuwa mtu wa juu: picha ambazo watu wanapishana, za vikundi vyote vya upande wetu, zitakwenda kwake badala ya Mbarara, aamue. Mimi nitakuwa mwanafunzi wake mwezi mmoja, na hakuna jibu langu litakalopita kabla yeye hajaliona. Nikikataa, wako wengine wanaongoja.

"Na kompyuta zitengane," akaongeza. "Kila mutu kwa nyumba yake. Tutaleta sola kidogo kidogo, na kufuli."

Nilirudi barazani nikakaa kwenye ngazi kando ya Koko. Alikuwa ameshiba na jua lilikuwa linampasha mgongo. Nilimpa habari zake kwanza, akazisikiliza mpaka mwisho, akasema tu "Asante Yesu" na kujifuta macho kwa upindo wa kitenge. Kisha nikamuuliza.

"Koko, ile majani ya kupasuka. Ulijua haiko wadudu?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ile ni mvua ya mawe, mama. Mududu anakula, hapasue."

"Sasa juu ya nini haukuniambia?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakuniingilia chumbani.

"Lakini ilikuwa shamba yako," akasema.

Sikuhitaji aendelee. Ukienda kulima kwa mwenzako, unalima anavyotaka yeye. Akisema mistari iende huku, inakwenda huku. Akibananisha mbegu, nawe unabananisha, na huruma yako juu ya mbegu zake unabaki nayo moyoni. Kumkosoa mwenye shamba mbele ya majembe ya watu ni kumvua nguo. Na wao walikuwa wamekuja kwenye nyumba yangu, chini ya sola yangu, wakanywa chai yangu. Kwa wiki sita wanawake watano wenye akili walipanda makosa yangu mstari kwa mstari, kwa sababu walikuwa na adabu. Niliwageukia wale wanne. Wote walikuwa wanaangalia chini.

"Na ninyi mulijua?"

Mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka puani. "Mama," akasema, "hata ile jani ya kuchomwa na moto, ulisema wadudu." Basi wakaachia wote. Walicheka mpaka sista akatoka kuangalia kuna nini, Koko akacheka ameshika mgongo wake kwa mikono miwili, na mimi, ambaye nilikuwa nimejiapiza kutocheka, nikawa wa mwisho kuanza na wa mwisho kunyamaza.

Wiki iliyofuata kompyuta nne ziliondoka sebuleni kwangu. Ya Koko ilibaki, mpaka sola yake ifike, na mwanafunzi wake nikakaa kando yake. Chumba kilionekana kikubwa. Nilibandika chai ya vikombe viwili tu, na mikono yangu ilihesabu sita kwa mazoea.

Jani la kwanza la masomo yangu lilikuwa la haragwe lenye madoa. Nililitazama muda mrefu, safari hii nikilitazama lenyewe. Nikasema, "Kutu." Koko akainama, akaangalia. Niliuona uso wake ukiwa mtulivu, mtulivu mno, na koo likishuka kama la mtu anayemeza. Nilimjua sasa. Alikuwa analimeza jibu lake, kwa adabu, kama alivyomeza wiki sita. Na nikaelewa kwamba tukiendelea hivyo hatafika popote na kazi yake mpya. Siku ya kwanza atakapompisha mtu mwenye sauti kubwa, Mbarara wataiona, naye atarudi Ngarama.

"Koko," nikamwambia, "kama nimekosa na hauniambie, njo umeniua."

Aliangalia mlango, kama kuna mtu anayeweza kusikia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haiko kutu. Umekosea."

Nitasema kweli: moto ulinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimemwomba mwenyewe, na bado nilitaka kubishana. Nilishika chai yangu, nikanywa, nikalifuta jibu. Akanionyesha madoa, jinsi kutu inavyoinuka kwenye jani na kuacha unga kwenye kidole, na jinsi haya yalivyolala bapa. Akayapa pole. Jani la pili nikakosea tena, na safari hii hakutazama mlango.

Kufika saa sita alikuwa ameniambia umekosea mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja alikuwa na raha nayo. Nilimwekea chakula, bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, ambacho amekula kwangu tangu tulipofika kambini pamoja miaka saba iliyopita. Alionja tonge moja. Akaweka mkono chini.

"Sombe yako," akasema, "hautwangake vizuri."

Nilimtazama. "Leo?"

"Kila siku."

"Miaka saba, Koko?"

"Miaka saba," akasema. Hakuwa ananitania, wala hakuwa ananikasirikia. Alikuwa ananiambia, basi, kama mtu anavyomwambia dada yake. Nikaona kwamba miaka yote hiyo alikuwa mgeni nyumbani kwangu, akimshukuru mwenye nyumba kwa kila alichopewa, na mimi nilidhani ni jirani yangu. Hilo liliniuma kuliko mashine na maneno yake mekundu, na papo hapo lilinifurahisha mpaka nikashindwa kula.

Jioni nilitoa kinu nje, nikachuma majani mengine. Yeye hawezi kutwanga kwa sababu ya mgongo, kwa hiyo nilitwanga mimi, naye akakaa kwenye kiti akisimamia. Alisema nashika mchi vibaya, na kinu chenyewe ni kidogo.